Ini Linapozimika Ghafla: Niliyojifunza Kando ya Vitanda

Kuna ugonjwa wa ini unaotambaa kwa miaka: tumbo linajaa maji taratibu, mwili unakonda, na ndugu wanapata muda wa kuuzoea. Ninaouandikia hapa si huo. Huu humkuta mtu aliyekuwa mzima, mara nyingi kijana, na ndani ya siku au wiki chache ini lake linaacha kazi. Ini ndilo linalotengeneza viini vya kugandisha damu, linatunza sukari ya akiba, na linaondoa amonia inayotoka utumboni kabla haijafika kwenye ubongo. Likizimika, vyote hivyo vinasimama kwa pamoja.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi miaka mingi katika wodi za magonjwa ya ndani mikoa ya kati ya Tanzania. Wagonjwa wa namna hii si wengi ukilinganisha na wa malaria, presha au kisukari, lakini ndio walionifundisha zaidi maana ya neno uuguzi. Nayaandika haya kwa ajili ya wauguzi wenzangu, na zaidi kwa ajili ya ndugu wanaokaa na mgonjwa, kwa sababu wao huona mambo ambayo sisi hatuyaoni.

1. Macho ya njano humleta mtu hospitali, ila akili ndiyo inayosema hali ikoje

Wengi wenye macho ya njano hawana ugonjwa huu. Homa ya ini ya kawaida humtapisha mtu, humfanya achukie chakula, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, kisha akapona. Madaktari husema ini limeshindwa ghafla pale mtu asiyekuwa na ugonjwa wa ini anapoumia ini, damu ikaanza kuchelewa kuganda (kipimo cha INR kikafika 1.5 au zaidi), na akili ikabadilika hata kidogo tu, yote hayo ndani ya wiki 26 tangu augue. Hilo la akili ndilo linalotenganisha mgonjwa wa kawaida na mgonjwa wa hatari.

Nalo huanza kimyakimya. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza binti yake wa kidato cha tatu aliniita pembeni. "Nesi, huyu mwanangu usiku kucha alikuwa macho anaongea, leo mchana kutwa amelala. Na amenijibu vibaya. Hajawahi." Kwenye faili asubuhi ile iliandikwa kwamba mgonjwa anajitambua, na kwa maswali tunayouliza, jina lako nani, hapa ni wapi, alikuwa anajitambua kweli. Mama yake ndiye aliyejua kwamba yule si binti yake wa kila siku.

Ile ilikuwa hatua ya kwanza kati ya nne. Usingizi unageuka, hasira zinakuja bila sababu, mtu anasahau alichoambiwa sasa hivi. Hatua ya pili anachanganya siku na mahali, na ukimwambia anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama anayezuia gari, viganja vinapigapiga vyenyewe. Ya tatu analala muda wote, akiitwa kwa nguvu anafumbua macho. Ya nne haamki. Kutoka ya kwanza hadi ya nne zinaweza kupita saa chache tu.

Tangu siku zile, kila ninapoingia zamu namuuliza ndugu swali moja kabla sijashika chochote: "Leo ni yuleyule wa jana?" Kisha nampa mgonjwa kalamu aandike jina lake kwenye karatasi ileile aliyoandikia jana. Mwandiko huharibika mapema, mara nyingi kabla mazungumzo hayajaharibika.

Kuna familia ambazo mgonjwa akianza kupiga kelele usiku husema ni mapepo, na hutaka kumtoa aende kuombewa au kuaguliwa. Sijawahi kubishana nao kuhusu imani yao. Huwaambia sheikh au mchungaji aje hapa hapa kitandani, maana tukimtoa hatutaweza kupima sukari yake. Wengi wamekubali. Na mgonjwa huyo anayepiga kelele asichomwe sindano ya kumlaza, hata kama wodi nzima inalalamika. Ini haliwezi tena kuiondoa dawa ile mwilini, na hakuna atakayejua kama amelala kwa dawa au kwa ugonjwa.

2. Sukari, tena sukari

Ini lililozimika haliwezi kutoa sukari ya akiba wala kutengeneza mpya. Sukari ya damu huanguka, na huanguka zaidi alfajiri, saa ambayo watu wote wamechoka. Mgonjwa anayeonekana kuzama kwenye fahamu anaweza kuwa ana njaa ya sukari tu, na asipopewa, ubongo unakufa kwa kitu ambacho tone moja la damu kwenye kidole lingekionyesha. Kila saa moja au mbili, usiku na mchana, pima. Dripu ya glukosi ya asilimia 10 iwe karibu. Katika matibabu yote nitakayoyataja hapa, hili ndilo lililo rahisi kuliko yote, na linaweza kufanyika hata kwenye kituo cha afya kisicho na maabara.

3. Chanzo kitafutwe siku ya kwanza, kwa sababu kuna vyanzo vyenye dawa

Paracetamol ndiyo mfano mkubwa. Huko Marekani na Uingereza ndiyo chanzo kikuu cha ini kushindwa ghafla. Ikitumiwa ipasavyo ni dawa salama: kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Sehemu ndogo ya kila kidonge hugeuka sumu ndani ya ini, na ini lina akiba ya kuipoza. Dozi ikizidi, akiba inaisha na sumu inakula seli zenyewe. Aliyefunga kula kwa siku nyingi, anayekunywa pombe sana, na mtoto mwenye utapiamlo wana akiba ndogo zaidi. Halafu kuna wanaozidisha bila kujua: mtu anameza paracetamol ya homa, juu yake anameza dawa ya mafua, na juu yake tena ya kupunguza maumivu ya mgongo, na zote tatu zina paracetamol ndani. Soma maandishi madogo kwenye boksi.

Dawa yake inaitwa asetilisisteini. Hurudisha akiba ile ya ini, na ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza, karibu kila ini huokoka. Ikichelewa bado ina faida, kwa hiyo isiachwe. Shida ni kwamba siku ya kwanza mtu huwa hana dalili yoyote, au ana kichefuchefu tu. Maumivu ya upande wa kulia wa tumbo huja siku ya pili, na ini hufikia ubaya wake siku ya tatu au ya nne, wakati familia imeshasema amepona.

Wapo waliomeza kwa makusudi. Hao ndio wanaoficha, wengine kwa aibu, wengine kwa kuogopa polisi, kwa kuwa sheria ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha namna hiyo kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025. Kijana wa namna hii hawezi kusema ukweli mbele ya baba yake na watu watano. Natoa watu wote, navuta kiti, nakaa, nauliza kwa sauti ya chini, na namweleza mapema kwamba nauliza kwa sababu dawa ipo na saa zinakwenda. Kama wewe unayesoma umefanya hivyo, au rafiki yako amekwambia amefanya hivyo, nendeni hospitali sasa hivi, hata kama hakuna kinachouma. Mkiri mlangoni. Kazi ya mtu wa zamu ni kukuokoa, na baada ya ini kuna watu wa kuzungumza nao kuhusu kilichokufikisha hapo.

Asetilisisteini ina jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba hata ambao ini lao halikuharibiwa na paracetamol, walioipata wakiwa bado kwenye hatua ya kwanza au ya pili ya kuchanganyikiwa walipona bila kupandikizwa kwa wingi zaidi, asilimia 52 dhidi ya 30. Waliokwisha kuzama hawakufaidika. Ndiyo maana yule mama wa binti wa kidato cha tatu, kwa kuniita pembeni, alikuwa anafanya tiba.

4. Uliza nyumbani wanakula nini, na nani mwingine anaumwa

Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, maeneo ya Makueni na Kitui, watu walianza kuugua macho ya njano, matumbo kujaa na kufa. Waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Mara zote mbili ilikuwa sumukuvu kwenye mahindi, na mara zote mbili kwa sehemu kubwa yalikuwa mahindi ya watu wenyewe, yaliyolimwa shambani kwao na kuhifadhiwa ndani ya nyumba zao.

Kuvu hili hupenda punje ambayo haikukauka vizuri au iliyotobolewa na wadudu. Mahindi yakivunwa mvua ikiwa inanyesha, yakaanikwa chini kwenye udongo, kisha yakarundikwa chumbani kwa kuogopa wezi, sumu hujaa. Moto wa jiko hauiui. Ugali unaiva, unanukia, watoto wanakula. Na kwa sababu wote wanakula chungu kimoja, wagonjwa hutoka nyumba moja, watoto wakiwa wengi kati yao. Hilo ndilo linaloitofautisha na dawa au pombe. Ninapopokea mtu mwenye macho ya njano kutoka vijijini wakati wa njaa au baada ya mavuno mabaya, huuliza pia habari za mbwa na kuku, kwa kuwa nao hula mabaki.

Sumu hii haina dawa ya kuipinga. Tunamsaidia mgonjwa kwa yale mengine yote, na tunamtuma mtu akafunge gunia lile lisiguswe tena. Hapo ndipo penye uchungu. Kumwambia mama mwenye watoto sita kwamba gunia pekee alilonalo ni sumu, bila kumwonyesha atapata wapi jingine, ni kumwambia achague kati ya njaa ya leo na ini la kesho. Kwa hiyo taarifa lazima ifike kwa mganga mkuu wa wilaya na mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, ili chakula kingine kitafutwe. Kwa familia zenye mahindi ya wasiwasi, kuchambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu hupunguza sumu, na kukoboa hupunguza zaidi, lakini havimalizi. Kinga yenyewe ni turubai la kuanikia, kukausha hadi punje ilie ikiumwa kwa jino, na mifuko isiyopitisha hewa.

5. Mjamzito mwenye macho ya njano ni dharura, hata akiwa anacheka

Homa ya ini aina ya E husambaa kwa maji machafu. Kuanzia mwaka 2007 ilipiga wilaya ya Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kwenye kambi za watu waliokimbia vita, wakaugua zaidi ya watu 10,000. Kwa watu wengi hupita. Kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho inaweza kuua hadi mmoja kati ya wanne. Kuna pia ugonjwa wa mafuta kujaa kwenye ini unaoletwa na ujauzito wenyewe, na tiba yake ni kumzalisha mama haraka. Ini huanza kurudi baada ya mtoto kutoka. Kwa hiyo mama wa namna hii haambiwi arudi kliniki ya mwezi ujao.

Nayo homa ya ini aina ya B ina dawa, tenofovir au entecavir, na huanzishwa hata ini likiwa limeshashindwa. Chanjo yake iliingia kwa watoto wa Tanzania mwaka 2002. Ukiwa umezaliwa kabla ya hapo na hukuchanjwa ukubwani, bado huna kinga ile.

6. Bibi aulizwe kwa heshima

Dawa za kifua kikuu, hasa isoniazidi na pirazinamidi, huokoa maisha ya maelfu na huharibu ini la wachache. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza kutapika, kukosa hamu ya kula na kukojoa mkojo mweusi aache kumeza na aje siku hiyohiyo, asisubiri tarehe ya kliniki. Hilo husemwa siku anayoanzishiwa dawa, na lirudiwe.

Za miti shamba ni ngumu zaidi kwa sababu watu huogopa kugombezwa. Afrika Kusini kuna mzizi uitwao impila, ambao madaktari wa huko wanaujua vizuri kwa kuua ini na figo kwa pamoja. Kwetu mizizi ni mingi na mchanganyiko haujulikani. Nimejifunza kuanza na shikamoo, kisha, "Bibi, najua umehangaika na mjukuu wako kabla hamjafika hapa. Nisaidie, nijue alikunywa nini na mara ya mwisho lini." Bibi aliyesalimiwa hivyo hufungua kanga akatoa kichupa. Bibi aliyeulizwa "mmempa nini huyu?" husema hakuna kitu.

7. Damu isiyoganda ni habari, na ubongo unaovimba ndio muuaji

Ndugu wakisikia damu haigandi, hukimbilia kutafuta wa kuchangia. Moyo wao ni mzuri. Lakini kama mgonjwa havuji damu na hakuna anapotobolewa, plazma haimsaidii, na inafuta kipimo kikuu kinachotuonyesha ini linaelekea wapi. Vitamini K apewe. Plazma isubiri damu ikivuja.

Amonia iliyozidi huvuta maji kwenye seli za ubongo, na fuvu halitanuki. Hapa uuguzi unaonekana. Kitanda kiinuliwe kichwani nyuzi 30, shingo inyooke, mgeuze taratibu, usimnyonye makohozi ovyo, punguza taa na sauti. Wageni waingie mmoja mmoja. Kwaya nzima ya kanisani iimbe mbali na dirisha. Akifika hatua ya tatu anahitaji chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ya kumpumulia, chumvi nzito ya dripu ili sodiamu ipande hadi kati ya 145 na 150, na manitoli fuvu likibanwa. Figo zikigoma, kusafisha damu kwa mashine husaidia pia kutoa amonia. Na homa ndogo tu ichukuliwe kuwa maambukizi, kwa sababu kinga ya mwili imelala pamoja na ini.

8. Mazungumzo ya kupandikiza yaanze akiwa bado anaongea

Thomas Starzl alipandikiza ini la binadamu kwa mara ya kwanza Denver mwaka 1963, na mtoto yule hakupona. Leo zaidi ya wanane kati ya kumi waliopandikizwa kwa ugonjwa huu huwa hai baada ya mwaka mmoja. Si lazima ini litoke kwa maiti. Ndugu mzima anaweza kutoa kipande, na kilichobaki kwake kikakua tena ndani ya miezi michache.

Kwetu, Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, lakini kwa ini familia hutazama nje, hasa India. Pasipoti, viza, fedha, na ndugu mwenye damu inayofaa vyote vinataka siku, na mgonjwa ambaye akili imebadilika ndani ya wiki moja tangu macho yawe njano anaweza asiwe na siku hizo. Tangu 1989 madaktari hutumia vigezo vya Hospitali ya King's College ya London kujua nani hatapona bila ini jipya: asidi ya damu, INR, figo, umri, chanzo. Daktari akivitaja, muulizeni palepale kama rufaa ianze. Kuna familia ambazo hazitaweza, na hazipaswi kubebeshwa hatia kwa hilo. Mgonjwa huyo bado anastahili kila kitu nilichokitaja juu, kwa sababu ini ni kiungo kinachojijenga upya, na wengi hupona kwa ini lao wenyewe wakilindwa hadi lirudi. Kubadilisha plazma kwa wingi kwa mashine nako kuliongeza waliopona katika utafiti wa Ulaya uliotolewa mwaka 2016, ingawa hospitali zenye uwezo huo ni chache.

9. Kujua nafuu ya kweli

Kipimo cha vimeng'enya vya ini kikishuka kutoka maelfu, ndugu hufurahi. Nami huuliza kwanza INR na rangi ya njano zimekwendaje. Vikishuka vyote, ini linarudi. Vimeng'enya vikishuka huku INR ikipanda, ni ghala lililokwisha kuungua: moshi umepungua kwa sababu hakuna kilichobaki cha kuungua. Nafuu ya kweli huanza kwa damu kuganda, kisha akili kutulia, kisha hamu ya chakula. Macho ndiyo ya mwisho, yanaweza kubaki njano kwa wiki kadhaa, na hayo peke yake si sababu ya kumrudisha wodini.

Siku ya kuruhusiwa huandika mambo matatu nyuma ya kadi yake, kwa herufi kubwa. La kwanza ni jina la dawa iliyomdhuru, kama ilikuwa dawa, na kwamba asipewe tena maisha yake yote. La pili ni tarehe ya kupima INR wiki inayofuata. La tatu, kama chanzo kilikuwa homa ya ini aina ya B, ni majina ya wote wanaoishi naye wanaotakiwa kupimwa ugonjwa huo na kuchanjwa wasiokuwa nao, kuanzia mwenzi wake hadi mtoto wa mwisho, na karatasi ya pili kama hiyo namkabidhi ndugu aliyemlaza na kumwamsha muda wote ule.